Ndoano Kwanza, Fimbo Baadaye: Ununue Nini Ili Besi wa Naivasha Asikutoke

Mwezi jana rafiki yangu alinipigia simu akiwa ndani ya duka la vifaa vya uvuvi hapa Nairobi. Alikuwa ameshika fimbo mpya na alitaka nimwambie ainunue. Wikendi mbili mfululizo alikuwa ameenda Naivasha, samaki aina ya besi wakamgonga tangu alfajiri, na karibu wote wakamtoka. Alikuwa ameshaamua kwamba mkosaji ni fimbo. Nikamuuliza anatumia ndoano gani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Zile za kawaida tu." Nikamwambia airudishe fimbo mahali alipoitoa.

Simu za namna hiyo napokea nyingi, kwa hiyo naandika yote hapa. Ukivua kwa mnyoo wa plastiki, yaani chambo bandia chenye umbo la mnyoo, shilingi yako ya kwanza iende kwenye ndoano, ya pili kwenye mshipi, na fimbo isubiri. Watu wengi hufanya kinyume, nami nilifanya hivyo kwa miaka.

Besi aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, na tangu 1970 amekuwa akiishi na kamba wekundu wa Louisiana, nao wa kuletwa vilevile, ambao huwala. Ndiyo maana minyoo ya rangi ya kahawia iliyoiva, au kijani chenye madoa mekundu, haikosi kwenye kisanduku changu. Mnyoo wenyewe una historia yake: Nick Creme aliutengeneza huko Akron, Ohio, mwaka 1949. Uzuri wake ni kwamba ncha ya ndoano hujificha ndani ya plastiki, ukaweza kuurusha katikati ya mafunjo au kwenye migunga iliyozama maji yalipopanda mwaka 2020, usinase tawi. Ubaya wake unatoka papo hapo: ncha iliyofichwa isinase tawi imefichwa na samaki pia.

Besi haung'ang'anii mnyoo kama mbwa na mfupa. Hupanua kinywa ghafla, maji yakaingia kwa kasi yakiubeba mnyoo, kisha hufunga taya. Hapo amebana vyote pamoja: mnyoo, risasi (kile kizito cha kuuzamisha) na ndoano. Ukivuta, mara nyingi unaliburuta furushi zima ndani ya kinywa chake na ndoano haijasogea hata kidogo ndani ya plastiki. Akipanua kinywa tena, anakurudishia kila kitu. Ili umpate, ncha lazima ipasue plastiki, itokeze upande wa pili, ipate nyama au gegedu, kisha izame mpaka kile kijino chake cha kuzuia isichomoke kipite. Kazi zote hizo zinafanywa na nguvu iliyosafiri kwenye mshipi unaonyumbuka na fimbo inayopinda.

Nguvu hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani. Kabla hujafungua pochi, chukua mizani ya mkono, ile ya kupimia mizigo ya safari, ufunge mshipi wako kwenye ndoano yake. Mwenzako aishike mwisho wa ua wa ploti, wewe usimame hatua ishirini na tano, kisha uvute kama unayemkita samaki, yaani unayemzamishia ndoano. Mimi mara ya kwanza nilitarajia kusoma kilo kumi. Mshale haukufika kilo mbili. Siku hiyo niliacha kutafuta mkono wenye nguvu, nikaanza kutafuta ncha isiyohitaji nguvu.

Ndoano, kuanzia ile ningeinunua kwanza

Ya kwanza: ndoano ya bega yenye pindo la duara. Chini tu ya tundu la mshipi, mguu wake umekunjwa mara mbili kama ngazi ndogo. Hilo ndilo bega, na kazi yake ni kushika kichwa cha mnyoo usiteremke. Kutoka hapo mguu unashuka wima, ukaishia kwenye pindo la mviringo. Tafuta yenye waya mwembamba kiasi. Sindano ya kushonea gunia hupita kwa kusukumwa na kiganja, lakini msumari unataka nyundo. Ndoano nayo ni hivyo hivyo, na umeshaona kwamba nyundo huna.

Ninaiweka juu kwa sababu minyoo inayouzwa zaidi ni ile mirefu na myembamba ya inchi 6 au 7 yenye mkia wa utepe, na kwa mwili mwembamba ncha ya ndoano hii hukaa wazi nje ya mstari wa tundu, ikielekea nyama mara mshipi unapokaza. Kwa mnyoo wa inchi 4 au 5 chukua 1/0 au 2/0. Kwa inchi 6 na 7 chukua 3/0. Kwa inchi 8 hadi 10 panda 4/0 au 5/0. Kumbuka kwamba namba zenye mkwaju na sifuri hukua kadiri ndoano inavyokua, ilhali zile za namba tupu hupungua: namba 8 ni ndogo kuliko namba 2. Nimeona mtu akibeba 8 akidhani amechukua kubwa.

Kipimo changu dukani ni mnyoo wenyewe. Nenda nao mfukoni. Uweke kati ya mguu na ncha. Mwanya ukitosha minyoo miwili iliyolala sambamba, hiyo inakufaa. Ukijazwa na mmoja, plastiki itajikunja ndani ya mwanya wakati wa kukita na ncha haitapata pa kuingilia. Kasoro hii, ya mwanya mdogo kwa mnyoo mnene, imewapotezea wenzangu samaki wengi kuliko kasoro nyingine yoyote ninayoijua.

Ya pili: ndoano ya bega yenye mwanya mpana. Ni binamu wa ile ya kwanza, ila tumbo lake limeshuka sana. Ukivua kwa vijiti vinene vya plastiki, au maumbo ya kamba na mijusi, hii ndiyo yako, na pale inapanda daraja la kwanza bila ubishi. Kwenye mnyoo mwembamba naishusha kwa sababu ncha yake hukaa karibu sawa na mstari wa tundu. Hilo huizuia isinase majani, lakini pia huifanya wakati mwingine iteleze kinywani ikiwa imelala. Muuzaji atakuambia inafaa kwa kila kitu. Inafaa kwa vingi.

Ya tatu: ndoano fupi ya kuchoma mnyoo katikati. Hii hupitishwa kiunoni mwa mnyoo, ncha ikabaki wazi, na mnyoo ukazama huku ncha zake mbili zikitikisika. Kwa kumpata samaki aliyegonga, hakuna inayoishinda, maana hakuna plastiki ya kupasua. Huhitaji hata kurusha mikono: zungusha rili (gurudumu la kukusanyia mshipi), mshipi ukaze, inua fimbo taratibu. Mtoto au mgeni anayevua mara ya kwanza mfungie hii. Ingekuwa ya kwanza kama Naivasha ingekuwa na maji matupu, lakini ukiitupa kwenye mafunjo au magugu maji utarudi Nairobi na pakiti tupu. Zipo zenye kinga ya waya mbele ya ncha. Ongeza pesa kidogo upate hizo.

Ya nne: ndoano nzito ya mguu mnyoofu. Ni ya kuvulia ndani kabisa ya majani mazito, kwa mshipi wa kusuka wa ratili 50 (uzito unaoubeba kabla ya kukatika) na fimbo ngumu. Waya wake mnene haufunguki. Kwa fimbo ya kawaida hutaweza kuizamisha.

Ya mwisho: ndoano za boksi. Zile zinazouzwa kwa mamia kwa ajili ya mishipi ya mbuta kule Ziwa Viktoria. Kwa kazi yake ni nzuri na zimelisha familia nyingi. Kwa mnyoo wa plastiki ni nene, hazina bega, na mnyoo huteremka ukajikusanya kwenye pindo kama soksi iliyochoka. Hizo ndizo "za kawaida tu" za rafiki yangu. Usizinunue kwa kazi hii hata ukipewa kwa nusu bei.

Mbele ya kaunta

Usilipe kabla ya kukagua. Omba ufungue pakiti moja. Weka ncha juu ya ukucha wa dole gumba na uivute bila kubonyeza. Ikikwama pale pale, ni kali. Ikiteleza na kuacha mstari, ni butu, na butu ya dukani haitakuwa kali ziwani. Kisha tazama tundu kwenye mwanga: duara lake lifungwe kabisa, pasiwe na ufa, kwa kuwa ufa huo hukata mshipi kidogo kidogo bila wewe kujua. Niliwahi kuuziwa pakiti ya ndoano kumi mjini, nne zikiwa na tundu lililo wazi. Niligundua nikiwa majini, baada ya mshipi wangu kukatika mara mbili kwenye fundo nililoamini nimelifunga vibaya. Niliumia kwa samaki wale, na niliumia zaidi nilipojua kwamba mmoja wao angalau ameondoka na chuma mdomoni.

Kwa sababu hiyo hiyo nakushauri ukibonyeze kile kijino kwa koleo mpaka kilale. Ndoano huingia kwa urahisi zaidi na hutoka bila kuchana taya. Mradi mshipi wako haulegei, samaki hatatoka kwa urahisi.

Mshipi

Nailoni ndiyo rahisi na ndiyo iliyojaa madukani, nayo hunyumbuka sana, hasa ikishalowa. Samaki akikugonga umbali wa mita 25, sehemu kubwa ya mvuto wako inaishia kwenye mnyumbuko huo. Kama ndiyo uwezo wako kwa sasa, vua karibu, mita kumi hadi kumi na tano, na utaona tofauti bila kutumia senti.

Ukiweza kuongeza, ningechagua florokaboni ya ratili 12 hadi 15. Inazama, hivyo mshipi haupigi upinde juu ya maji kati yako na mnyoo, na unausikia mguso mdogo ambao nailoni ingeumeza. Mshipi wa kusuka haunyumbuki karibu kabisa, na kwa kukita ndoano ndio bora kuliko yote. Lakini unaelea, na ukisuguana na magome na miiba ya migunga iliyozama hukatika nyuzi. Ukiununua, chukua ratili 30 na mbele yake ufunge mita moja na nusu ya florokaboni.

Risasi

Watu hupita hapa haraka, lakini pana jambo. Risasi kubwa mbele ya mnyoo huingia kinywani pamoja na ndoano na kukizuia kufunga vizuri. Tangsteni ni chuma kizito zaidi ya mara moja na nusu ya risasi ya kawaida kwa ukubwa ule ule, kwa hiyo uzito sawa unakuja kwa umbo dogo. Ni ghali. Nunua mbili tu za gramu 7, uzitunze. Anayetumia risasi ya kawaida apunguze uzito mpaka ule mdogo kabisa unaofika chini.

Na fimbo?

Fimbo ya futi 7, yenye nguvu ya wastani kuelekea nzito, inayopinda kwenye ncha na kukakamaa kuanzia katikati. Ukiwa dukani, mwombe mtu ashike ncha nawe uinue. Ikikunjika hadi karibu na kishikio kama ufito wa kuchungia mbuzi, ni ya kazi nyingine. Nyingi zinazouzwa kwa seti pamoja na rili ziko hivyo. Lakini kama tayari unayo fimbo inayokaribia sifa hizi, kaa nayo. Ukigongwa, shusha ncha, zungusha rili uondoe ulegevu, ukihisi uzito ndipo uvute mara moja kwa mwili wote. Na kabla ya kurusha, hakikisha ncha ya ndoano imepita mnyoo wote na kurudishwa chini ya ngozi yake tu, isibaki katikati ya nyama ya plastiki.

Leseni ya uvuvi uiwahi kabla ya safari, na ndani ya boti msikilize mwenyeji kuhusu viboko kuliko unavyonisikiliza mimi kuhusu ndoano.

Bei za hapa hufuata dola, na maduka yenye ndoano za bega ni machache, kwa hiyo kama una ndugu anayerudi kutoka Marekani au Uingereza, mtumie ujumbe huu kama ulivyo: pakiti mbili za ndoano za bega, pindo la duara, 3/0, waya mwembamba, pakiti moja ya mwanya mpana, 4/0, pakiti moja ya ndoano fupi zenye kinga, 1/0, risasi mbili za tangsteni za gramu 7, florokaboni ya ratili 15, rola moja. Vyote vinaingia ndani ya kiatu kimoja kwenye sanduku lake, na mwambie aviweke kwenye mzigo wa chini ya ndege, si wa mkononi.