Ricoh GR III na Picha za Nyeusi na Nyeupe: Nimezunguka Nayo Mji Mkongwe

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Hiki kidude mkononi mwangu ni Ricoh GR III, kamera ndogo ya mfukoni, na nimezunguka nayo Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ina gramu 257 pamoja na betri na kadi, maana yake unaitia mfuko wa kanzu na kanzu haivutiki upande. Ilitoka 2019, na kule Marekani ilianza kuuzwa kwa dola 899. Si bei ya mchezo, najua.

Sitawasomea karatasi ya kwenye boksi. Mnaloniuliza ni moja: inatoa picha nzuri za nyeusi na nyeupe? Inatoa. Lakini ukidhani kazi ni kuondoa rangi tu, utapata picha za majivu.

Tazameni hii ya kwanza. Mama amepita na kanga nyekundu, nyuma yake majani ya mwembe. Kwa macho, wekundu na ukijani vinagombana, picha inapiga kelele. Nikaipiga kwa nyeusi na nyeupe, na kanga na majani vikawa kijivu kile kile, mama kapotea ndani ya mwembe! Kamera haina kosa hapo. Ukiondoa rangi kinachobaki ni mwanga, na vitu hivi viwili vilikuwa na mwanga sawasawa.

Ndiyo maana napenda hii: ukichagua mtindo wa nyeusi na nyeupe, na imo minne, skrini yenyewe inageuka papo hapo. Unaona kijivu kabla hujabonyeza. Mimi hutumia ule wa kawaida, Monotone. Ule mkali kuliko yote, Hi-Contrast, unapendeza siku ya kwanza. Siku ya tatu kila picha inafanana na fotokopi.

Sasa jambo kubwa, na hili nitakaa nalo kidogo. Ngozi zetu na kuta zetu.

Kuta za Mji Mkongwe nyingi zimepakwa chokaa. Mweke mtu mweusi, kanzu nyeupe, mbele ya ukuta mweupe. Kamera inaona weupe umejaa, inajisemea "hapa mwanga umezidi", inapunguza. Ukuta unakuwa kijivu na uso unazama. Mzee mmoja pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, baada ya shikamoo na kikombe, alinikubalia nimpige. Nikamwonyesha. Akatazama, akasema: "Mwanangu, hii picha au masizi?"

Jamani, nilicheka, lakini alikuwa na haki. Dawa yake ni kuongeza mwanga kwa makusudi, kituo kimoja, yaani +1. Kuna swichi nyuma, kidole gumba kinaifikia bila kuhama. Hii hapa ya pili: makunyanzi yanaonekana, ndevu zinaonekana, ukuta umerudi kuwa chokaa. Ukiongeza kupita kiasi kanzu inaungua, na weupe ukishaungua hakuna programu ya kuurudisha. Kwa hiyo mwangalie mtu usoni, halafu iangalie kanzu.

Na pigeni DNG, yaani faili ghafi la kamera, pamoja na JPEG, ile picha iliyokwisha tayari, tafadhali. JPEG inatoka nyeusi na nyeupe, DNG inabaki na rangi zote. Mimi safari ya kwanza nilipiga JPEG peke yake, ile kanga ya mama sina tena namna ya kuiokoa. Ningekuwa na DNG ningeupandisha wekundu kwenye kompyuta, kanga ikang'aa, majani yakabaki nyuma. Ila wekundu ukiupandisha, ngozi nayo inapauka, maana ina wekundu ndani yake. Nendeni polepole hapo.

Saa ya kupiga? Mtaambiwa mkimbie jua la saa sita. Kwa rangi, kweli. Lakini kwenye vichochoro vyembamba kama vya kule, saa sita ndiyo jua linafika chini, linakata njia vipande viwili, cheupe na cheusi. Simama kivulini, pimia penye jua, subiri mtu aingie kwenye mwanga. Nimesubiri dakika ishirini, akapita paka. Picha ya paka ndiyo bora kuliko zote za siku ile, haya.

Hapo ndipo ule mpango wa Snap unakuja. Unaipangia fokasi umbali maalumu, tuseme mita 2.5, apacha, yaani tundu la lenzi, f/8, basi. Kuanzia mita moja na kitu hadi mwisho wa kichochoro kila kitu ni kikali. Ukibonyeza moja kwa moja, haitafuti, haihangaiki. Lenzi ina upana sawa na wa milimita 28, yaani inaona eneo pana, na haizumu, kwa hiyo mkaribie mtu, na ukimkaribia mwombe ruhusa. Anayetaka kukaa mbali kidogo, ipo kamera ndugu yake, GR IIIx, ya milimita 40.

Usiku pandisheni ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga. Zile chembe ambazo kwenye rangi ni uchafu, kwenye nyeusi na nyeupe zinakaa kama filamu ya zamani.

Ubaya upo. Betri imepimwa picha kama 200 tu, nunueni ya pili, ingawa inachajika kwa USB-C, hata pawabenki inatosha. Haina kioo cha kuchungulia, na juani skrini ni shida, mimi hujikinga kwa kofia. Haikuzibwa dhidi ya vumbi wala maji, kwa hiyo ufukweni kwenye upepo wa kusi iacheni mfukoni.

Na yule aliyeuliza kama atapigia harusi: hapana, ndugu yangu. Haina flashi, na ukumbi ule wa taa za zambarau utakuaibisha mbele ya bibi harusi. Nenda nayo asubuhi yake, nyumbani, wakati anapakwa hina dirishani. Pale itakutosha.