Mashine ya kutotoleshea mayai ya bata: ipi ununue, na kwa nini uangalie trei kabla ya kitu kingine chochote

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wafugaji wa bata yanafanana mno. Mtu amenunua mashine, amefuata maelekezo yote ya kijitabu, joto halikuyumba, maji hayakukauka hata siku moja, na bado siku zinapotimia anapasua mayai na kukuta vifaranga waliokamilika, wenye manyoya na midomo, wamefia ndani ya ganda. Mashine hiyo hiyo akiiwekea mayai ya kuku inatotoa vizuri. Basi analaumu mayai, analaumu umeme, au jirani anamwambia kwamba mayai ya bata hayakubali mashine. Yanakubali kabisa. Zipo sababu kadhaa za kifaranga kufia ndani ya ganda, lakini iliyo kubwa, na ambayo sijamsikia muuzaji akiitaja, ni kwamba mashine nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimepimwa kwa yai la kuku.

Sitapoteza nafasi kueleza kioo cha namba, kengele ya hatari au taa ya kupimia mayai, kwa sababu hayo muuzaji atakuonyesha mwenyewe bila kuombwa. Ninachotaka ukiangalie ni trei.

Yai la kuku kwa kawaida lina gramu 50 hadi 60, ilhali la bata lina gramu 70 hadi 80 na mara nyingine zaidi, tena ni refu. Ukiliweka yai la bata katika kikombe cha trei kilichotengenezwa kwa ajili ya kuku, halizami hadi chini. Linakaa juu juu, limeshikwa kiunoni, na trei inapoinama kugeuza, ama linagongana na jirani yake, ama linateleza kidogo na kurudi palepale. Trei za kusukuma, ambazo mayai hulala katika vyumba vidogo na kusogezwa mbele na nyuma, zina kasoro ya namna yake: chumba kikiwa chembamba, yai la bata linakwama na kuburutwa badala ya kubingirika. Kwa macho mashine inafanya kazi, mota inalia, trei inakwenda na kurudi, kumbe yai halijageuka. Yai lisilogeuzwa humfanya kiinitete, yaani kifaranga anayekua ndani ya yai, agande kwenye utando wa ganda, ute hautumiki wote, na siku za mwisho kifaranga hajipangi sawasawa ili kichwa kielekee kwenye kifuko cha hewa. Ndiyo maana anakufa akiwa amekamilika.

Kasoro ya pili inatokana na hiyo hiyo. Katika mashine nyingi ndogo, waya wa joto na feni vimefungwa kwenye kifuniko. Yai lililosimama juu kuliko ilivyokusudiwa linakaribia waya, na upande wake wa juu unapata joto ambalo kipimajoto hakilisomi, hata kama kioo kinaonyesha nyuzi 37.5 kama inavyotakiwa kwa mashine yenye feni. Kuanzia wiki ya tatu, kiinitete wa bata anazalisha joto lake mwenyewe, kwa hiyo hatari inazidi wakati ule ambao mfugaji ameshaanza kuhesabu vifaranga.

Kwa sababu hiyo, unapokwenda dukani, chukua yai kubwa kuliko yote uliyonayo, lichemshe ili lisikuchafulie mkoba, na uende nalo. Liweke kwenye trei, funga kifuniko, kisha chungulia kwenye kioo au kifungue polepole: kati ya kilele cha yai na waya au kinga ya feni inapaswa kubaki nafasi ya vidole viwili. Baada ya hapo chora alama ya kalamu juu ya ganda, mwambie muuzaji awashe kigeuzi, na usubiri hadi uone alama imehama. Kigeuzi kingine hugeuza mara moja kwa saa moja au mbili, hivyo omba kiwashwe kwa mkono. Hili ni jaribio la dakika chache, na linatenganisha mashine ya bata na mashine ya kuku kuliko karatasi yoyote ya maelezo.

Chaguo langu la kwanza, na sioni haja ya kulificha, ni Brinsea ya Uingereza, hasa Ovation 28 katika toleo la Advance au EX. Mayai hulala kwa ubavu, vigawanyo vinasogezwa kufuata ukubwa wa yai, na matoleo hayo mawili yana kitu ambacho mfugaji wa bata anakihitaji kuliko mfugaji wa kuku: yanaweza kupangwa kuzima joto kwa muda kila siku na kuliwasha tena. Bata anayeatamia huondoka kwenye kiota kwenda kula na kuoga, mayai yanapoa, kisha anarudi akiwa na majimaji kwenye manyoya. Wafugaji wengi wa bata huiga mwenendo huo kuanzia kama siku ya nane au ya kumi, kwa kuyapoza mayai muda mfupi na kuyanyunyizia maji ya uvuguvugu. Toleo la EX lina pia pampu inayorekebisha unyevu yenyewe. Ukiagiza, hakikisha ni la soko la Uingereza, maana plagi yake ya pini tatu bapa na umeme wake vinaoana na vyetu; lile la Marekani limetengenezwa kwa volti 120 na ukilichomeka ukutani hapa litaungua. Ni ghali, na gharama ya kulileta inaongezeka juu yake, lakini anayefuga bata kwa nia ya kuuza vifaranga atailipa kwa mayai ambayo hayatamwozea.

La pili ni mashine za HHD za kutoka China, ila zile tu zenye trei ya mirija inayozunguka. Hapo yai linalala juu ya mirija miwili, mirija inazunguka, na yai linabingirika lote bila kujali ni la kware, la kuku au la bata. Kampuni hiyo hiyo inatengeneza pia mashine zenye trei za vikombe, na kwenye picha za matangazo rangi na umbo vinafanana, kwa hiyo usinunue kwa jina peke yake. Omba picha ya ndani ya mashine ikiwa wazi. Baadhi yake zina sehemu ya kuunganisha betri ya volti 12, jambo ambalo ningelipa pesa ya ziada kulipata, kwa kuwa kuatamia siku 28 bila umeme kukatika ni bahati ambayo wachache wetu wanayo.

La tatu ni sanduku la mbao linalotengenezwa na fundi, na ninaliheshimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu fundi anaweza kuambiwa. Mpelekee lile yai lako na umwagize trei ya wavu wa chuma yenye nafasi ya kuinama nyuzi 45 kila upande, pamoja na feni ya kusambaza joto. Jambo la kumkazania ni chanzo cha joto. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha, na zile za zamani za waya zinazidi kuadimika, hivyo mwombe aweke waya maalumu wa joto, au kama ni lazima ziwe balbu, zifungwe mbili kila moja kwenye njia yake ili moja ikiungua usiku nyingine iendelee.

Mashine za boksi la povu zisizo na feni na zile ndogo za plastiki za mayai machache zinatosha kwa anayetaka watoto wake waone kifaranga akitoka. Kwa mayai ya bata sizipendekezi.

Kabla ya kulipa, ujue pia unatotolesha bata gani. Bata weupe aina ya Pekin na jamii yake hutotoa kwa siku 28. Bata wetu wenye uso mwekundu wa vinundu, ambao ndio wengi vijijini na kitaalamu huitwa Muscovy, huchukua kama siku 35. Mashine inayohesabu siku 21 na kuacha kugeuza siku ya 18 bila kukuruhusu kubadilisha haikufai, kwani kwa Pekin kugeuza huachwa siku ya 25. Unyevu wa asilimia 55 hadi 60 unatosha hadi hapo, kisha unapandishwa kufikia 70 au zaidi.

Sasa niseme la wauzaji. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, iwe 48, 56 au 96, ni hesabu ya mayai ya kuku, na hakuna anayeona haja ya kusema hivyo. Kwa bata panga kama theluthi mbili yake. Katika duka moja la Kariakoo nilipouliza kama trei inapokea mayai ya bata, nilijibiwa, "Mama, weka tu, yanaingia," na nilipotoa yai langu muuzaji alilishindilia kwenye kikombe kwa kidole gumba hadi likapasuka. Mtandaoni ni vibaya zaidi: tangazo halina bei, ukiuliza unaambiwa uje inboksi, na bei ya inboksi hubadilika kulingana na namna ulivyoandika ujumbe wako. Huku kuficha bei kunamwumiza hasa mfugaji wa mkoani, ambaye hawezi kuzunguka maduka akilinganisha na ambaye anatumiwa mzigo kwa basi akiwa ameshalipa.

Nao wanaotangaza kwamba mashine inatotoa asilimia 98 waulizwe: asilimia 98 ya mayai gani? Yai lisilo na mbegu halitotolewi na mashine yoyote duniani. Dume mmoja kwa majike watano au sita, mayai yaliyookotwa asubuhi mapema yakiwa safi na kutunzwa mahali pa baridi kwa muda usiozidi wiki moja, hayo ndiyo yanayoamua sehemu kubwa ya hesabu hiyo, na hayamo kwenye boksi.

Dai risiti yenye jina la toleo la mashine, muda wa dhamana na ahadi ya kubadilishiwa trei au mota, vyote vikiwa kwa maandishi. Ukifika nyumbani, iwashe ikiwa tupu kwa saa 24 ukiwa na kipimajoto chako mwenyewe ndani yake, ukilinganisha kona zote na katikati. Tofauti ikizidi nusu nyuzi, irudishe siku hiyo hiyo, kabla hujaweka yai hata moja.