TAHADHARI: Kamera ndogo za "megapikseli 48" zinazoletwa na boda Kampala

Ndugu zangu wa Kampala, Entebbe, Mukono na popote mlipo, kuna watu wanauza kamera ndogo za digitali mitandaoni na wanawaumiza wazazi wanaotafuta kitu cha bei nafuu cha kuwapigia watoto picha. Wifi yangu ameshaliwa pesa zake, na tangazo lilelile nimeliona tena kwenye kundi jingine la WhatsApp, namba tofauti.

Tangazo linasema hivi: kamera mpya ndani ya boksi, 4K, megapikseli 48, zumu mara 16, memori kadi ya bure, shilingi 280,000, zimebaki chache. Duka eti liko katikati ya jiji. Ukisema unakwenda mwenyewe, unaambiwa leo wanahesabu mali, subiri boda akuletee. Boda akafika kwa wifi na boksi limefungwa nailoni. Alipotaka kulifungua kabla ya kulipa, kijana akamwambia, "Mama, mimi nimetumwa tu. Likifunguliwa, nitalipishwa mimi." Muuzaji akapigiwa simu, akaongea kwa upole: tuma tu, usipoipenda tunakurudishia. Wifi akatuma kwa simu. Jioni ile ile namba haikupatikana tena. Simlaumu hata kidogo. Alitaka picha nzuri za ubatizo wa mwanawe, na watu hawa wanajua kabisa wanacheza na nini.

Nimeishika hiyo kamera. Ni nyepesi mno, na ukiiwasha lenzi haitoki nje, imekaa palepale nyuma ya kiplastiki. Ukibonyeza zumu hakuna kinachosogea, picha inakuzwa tu kwenye kioo. Tulimpiga mtoto picha karibu na dirisha, mchana kweupe, na nyusi zake zimeyeyuka, shavu limekuwa kama limepakwa rangi ya ukutani.

Sasa, wizi wenyewe umejificha hapa. Ukifungua picha hiyo kwenye kompyuta, utaambiwa kweli ni megapikseli 48. Lakini sensa iliyo ndani, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo na ya bei rahisi, ina pikseli (nukta za picha; megapikseli moja ni milioni yake) chache kuliko hizo kwa mbali. Programu ya kamera ndiyo inayoivuta picha na kubuni pikseli za kujazia, kwa hiyo namba inaongezeka na sura ya mtoto haiongezeki chochote. Na wala huzihitaji hizo 48. Picha ya kusafisha ya sentimita 10 kwa 15, ile ya albamu, inatosheka na megapikseli 2 hivi. Hata ya ukutani ya sentimita 20 kwa 30 haizidi 9. Kamera ya kampuni inayojulikana yenye megapikseli 12, hata ikiwa imetumika miaka kadhaa, itaiacha mbali hii ya boksi jipya. Mimi kwa pesa hiyo ningechukua iliyotumika, mkononi, nikiiona inawaka. Nikiikosa, ningeendelea na simu yangu.

Kabla pesa haijatoka, soma maandishi kwenye duara la lenzi. Kamera yenye zumu ya kweli huandikwa namba mbili za milimita, kwa mfano 5.0–40.0mm, gawa 40 kwa 5, unapata zumu mara 8. Ukikuta namba moja tu, hiyo lenzi haina zumu, hata boksi liseme nini. Kisha iwashe uone lenzi ikitoka na kurudi bila kukwaruza. (Zipo chache nzuri, hasa zile za kuzuia maji, ambazo lenzi yake husogea ndani kwa ndani, lakini hata hizo zina namba mbili.) Bonyeza nusu kitufe cha kupigia picha: isubiri ilenge, kisha piga picha ya kitu cha karibu na cha mbali, ndani ya chumba pia, maana huko ndiko kamera mbovu zinakoumbuka.

Kwa zilizotumika kuna mitego mingine. Baadhi ya za zamani hutumia memori kadi za xD au Memory Stick, ambazo utazisaka hadi uchoke. Baadhi ya Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani pekee kwenye menyu. Betri iliyovimba, kataa. Na ile memori kadi "ya bure" msiiamini na picha za harusi: kadi bandia huandikwa GB 128 wakati ndani ni 8, na ikishajaa inaendelea kujifanya inahifadhi huku picha zinapotea. Programu ya H2testw kwenye kompyuta itaijaza yote na kuwaambia ukweli wake.

Dai risiti. Duka lililosajiliwa kwa VAT linatakiwa kutoa risiti ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato URA, tangu Januari 2021, yenye msimbo wa QR unaoweza kuuhakiki. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa, kwa hiyo tangazo ni ushahidi: lipigeni picha kabla halijafutwa, pamoja na mazungumzo yote na ujumbe wa malipo.

Aliyekwisha tuma pesa apige simu mara moja kwa kampuni yake ya simu aombe muamala uzuiwe, kisha aende polisi na ushahidi huo. Wifi amefungua jalada. Kama nawe umeuziwa kwa mtindo huu, niandikie ndani, nikuunganishe naye, malalamiko yapelekwe pamoja.