Mtungi wa kupoozea insulini: unafaa kwa nani?

Mtoto wetu mwenye kisukari cha aina ya kwanza hupewa insulini bure kliniki, lakini maelekezo ya kuitunza huchukulia kwamba kila nyumba ina friji. Sisi hatuna, na ndiyo maana tulimwendea mfinyanzi hapa Dodoma tukanunua mtungi huu: vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga katikati yake ukiloweshwa asubuhi na jioni, na kitambaa kilicholowa maji juu. Maji yanapokauka taratibu kupitia udongo, chungu cha ndani hupoa.

Awali chupa ya insulini ilikaa kwenye friji ya soda ya duka la jirani. Duka likichelewa kufunguliwa, sindano ya asubuhi nayo ilichelewa. Na siku moja chupa ilisukumwa hadi kwenye barafu ikaganda, na insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Kero hiyo mtungi umeimaliza.

Mnunuzi asitarajie baridi ya friji, yaani nyuzi 2 hadi 8, ambayo huhitajika kwa akiba ya miezi mingi. Kwa chupa inayotumika, hata hivyo, unatosha. Utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021 kwa kufuata hali ya joto ya kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu. Chini ya bati mchana wa Novemba, kubaki ndani ya kiwango hicho si jambo dogo.

Kasoro yake ni kwamba mtungi hunywa maji, na kwa anayenunua maji kwa dumu hiyo ni gharama nyingine juu ya nauli ya kliniki na vijiti vya kupimia sukari. Wala mtungi hauleti chakula: mtoto aliyechomwa sindano akakosa mlo, sukari yake ya damu hushuka mno, hata kama dawa yake ilitunzwa vizuri kiasi gani.

Kwa Dodoma na Singida ninaupendekeza bila kusita. Tanga na Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwingi, utapoza kidogo tu. Kokote ulipo, chagua vyungu visivyopakwa rangi, kwa kuwa rangi huziba vitundu vya udongo na maji hayapati pa kutokea.