Betri za kamera kwa kazi za sherehe Dar: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Harusi ya Dar ni kazi ndefu. Mpiga picha anaanza saluni mchana, anakwenda kanisani au msikitini, anapita ufukweni jua likishuka, ndipo anaingia ukumbini ambako shughuli yenyewe inamsubiri: kuingia kwa maharusi, keki, ndafu, zawadi za pande zote mbili, na MC ambaye hamsubiri mtu abadilishe betri. Picha ambazo familia itazitafuta kwanza nyingi zinapigwa usiku, na usiku ndipo betri iliyochajiwa jana inapokuwa imechoka. Kwa hiyo kijana anayeanza kazi hii namshauri apange umeme wake kabla hajawaza lenzi mpya.

Kabla ya kwenda dukani, jua kamera yako inakulaje betri. Idadi ya picha inayoandikwa kwenye kijitabu cha kamera hutokana na kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera wa Japani: picha moja kila sekunde 30, nusu yake kwa flashi ya kamera kama inayo, na kamera inazimwa na kuwashwa kila baada ya picha 10. Kwa kipimo hicho Canon 6D Mark II hupiga kama picha 1,200 ukichungulia kwenye tundu la juu, lakini ukipiga kwa kutazama skrini ya nyuma zinashuka hadi kama 380. Canon 2000D ni kama 500. Sony A7 III, ambayo haina kioo cha ndani (mirrorless), ni kama 610, na Canon EOS R ni kama 370.

Hakuna anayepiga sherehe kwa mwendo wa picha moja kila nusu dakika, ndiyo maana kazini unaweza kupata picha nyingi kuliko hizo. Ila tofauti ya aina mbili za kamera inabaki palepale. Kamera ya DSLR, yaani yenye kioo cha ndani kama hizo Canon mbili za kwanza, inakula betri zaidi unapobonyeza. Isiyo na kioo cha ndani inakula muda wote ikiwa imewashwa, hata ukiwa umesimama pembeni unasikiliza nasaha za wazee, kwa sababu skrini na kihisi cha picha vinafanya kazi bila kupumzika. Mwenye DSLR ahesabu picha. Mwenye hiyo nyingine ahesabu saa. Kwa siku nzima ya harusi, wa kwanza ninampangia betri tatu, wa pili nne.

Nafasi ya kwanza: betri ya ziada ya kampuni iliyotengeneza kamera

Ni ghali, najua. Kwa bei ya original moja mara nyingi unapata mbili au tatu za kampuni nyingine. Bado ninaiweka juu, kwa sababu kamera na betri hiyo zinaelewana. Canon zinazotumia LP-E6N hukuonyesha kwenye menyu asilimia iliyobaki, idadi ya picha tangu uchaji, na vijistari vitatu vya afya ya betri; vikiwa vitatu vya kijani iko vizuri, kikibaki kimoja chekundu tafuta nyingine. Nikon zinazotumia EN-EL15 zina kipimo cha umri wa betri, kuanzia 0 mpaka 4. Betri ya bei rahisi mara nyingi haitoi taarifa hizo, au inatoa za uongo: inaonyesha asilimia 40, halafu kamera inazima. Katikati ya kukata keki, asilimia ya uongo ni mbaya kuliko kukosa asilimia kabisa, kwa sababu uliiamini.

Feki ndizo zinazonisumbua zaidi Kariakoo, na hata baadhi ya maduka ya katikati ya mji yanaziuza bila muuzaji kujua. Shika betri mkononi. LP-E6N ya Canon na NP-FZ100 ya Sony kila moja ina uzito wa kama gramu 80. Inayokuja nyepesi sana ina seli ndogo ndani. Soma maandishi: herufi zilizopauka au kibandiko kilichokaa upande ni sababu ya kuirudisha mezani. Kisha itie kwenye kamera yako palepale dukani. Canon za miaka ya karibuni zikishindwa kuwasiliana na betri huweka onyo kwenye skrini na kukuuliza kama unataka kuendelea kuitumia. Muuzaji akikuambia onyo hilo ni la kawaida, mshukuru uondoke. Na dai risiti ya EFD, maana bila risiti huna pa kuanzia, iwe kwa mwenye duka au kwa Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia.

Nafasi ya pili: betri za flashi

Wengi wanazisahau hizi. Kumbi zetu nyingi dari lake limefunikwa vitambaa vya mapambo, zambarau, dhahabu, kijani kibichi, na ukielekeza flashi juu kitambaa kinanyonya mwanga. Flashi inalazimika kufanya kazi kwa nguvu yote karibu kila picha. Ukiwa na betri za AA za kawaida za dukani, baada ya muda unabonyeza, taa ndogo ya nyuma ya flashi haiwaki, unasubiri, na bibi harusi ameshapita.

Nunua AA za kuchaji, aina ya NiMH. Zinaandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, jambo linalowatisha wanunuzi bila sababu, kwani zina uwezo wa kutoa umeme mwingi kwa mara moja na flashi inajaa upesi zaidi. Eneloop nyeupe za Panasonic zina 1,900 mAh (kipimo cha umeme ambao betri inabeba) kwa uchache na mtengenezaji anasema zinachajiwa hadi mara 2,100. Zile nyeusi zina 2,500 mAh lakini maisha yake ni mafupi, kama mara 500. Kwa sherehe zinazofuatana kila Jumamosi ningechukua nyeupe, seti tatu za nne nne, kila seti kwenye kiboksi chake zisichanganyike. Ukiweka moja iliyochoka na tatu nzima, ile moja inaziangusha zote. Chaja iwe ile inayopima kila betri peke yake. Zinazochaji mbili mbili zinaharibu betri polepole.

Mwenye uwezo zaidi anunue flashi yenye betri yake ya lithiamu. Godox V860III inatajwa na mtengenezaji kutoa miale kama 480 ya nguvu yote kwa chaji moja, na ukiwa na betri yake ya pili hufikirii AA tena usiku huo.

Nafasi ya tatu: betri za kampuni nyingine

Sizikatai. Zipo nzuri, na kama bajeti ni ndogo chukua original moja na nyingine mbili za namna hii, ukitumia hizi saluni na ufukweni, original ukiitunza kwa ukumbini. Kinachokupa ukweli ni mAh. LP-E6N ya Canon ni 1,865 mAh na toleo lililoifuata, LP-E6NH, ni 2,130. Zote umbo ni lilelile. Sasa ukikuta ya bei ya chini, ukubwa uleule, imeandikwa 2,650, jiulize wamewezaje kuipita Canon yenyewe kwa sehemu tu ya bei yake. Namwamini zaidi anayeandika 1,800 kuliko anayeandika 3,000. Vivyo hivyo kwa NP-FZ100 ya Sony, ambayo original ni 2,280.

Betri hizi kwa kawaida huja na chaja ya matundu mawili inayotumia USB, na hiyo chaja peke yake ni sababu nzuri ya kununua seti: unachaji mbili kwenye gari kati ya kanisa na ukumbi.

Nafasi ya nne: pawabenki

Inafaa kama kamera yako inachajiwa kwa USB. Pawabenki ya 20,000 mAh ina kama Wh 74 (wati-saa, yaani jumla ya umeme uliomo), na betri ya NP-FZ100 ni Wh 16.4. Ukitoa kinachopotea njiani, tegemea kujaza betri hiyo mara tatu hivi. Chagua yenye USB-PD, mfumo wa USB unaotoa umeme wa nguvu zaidi; Canon EOS R, kwa mfano, haichaji kwa kichwa cha kawaida cha simu, na inachaji LP-E6N na LP-E6NH lakini si LP-E6 ya zamani. Kwa wanaorekodi video za nasaha na hotuba ndefu, kama kamera yao inapokea umeme wa USB hata ikiwa imewashwa (si zote), waya mmoja kutoka pawabenki iliyofungwa kwenye tripodi unaokoa kazi. Kwa mpiga picha anayezunguka meza kwa meza, waya ni kero. Umeme ukikatika saluni, hata hivyo, utaishukuru pawabenki. Wanaofuata kazi Zanzibar kwa ndege wakumbuke kwamba pawabenki na betri za akiba hukaa kwenye mzigo wa mkononi, na iliyo chini ya Wh 100 kwa kawaida haihitaji kibali cha shirika la ndege.

Nafasi ya tano: gripu

Ni kishikio kinachofungwa chini ya kamera; kinabeba betri mbili na inapendeza kushika kamera ikiwa wima. Lakini gripu haiongezi umeme wowote ambao betri zenyewe hazina, na ina uzito unaousikia vizuri begani kufika saa nne usiku. Inaweza kusubiri.

Vya kukwepa

Usinunue betri iliyotumika, hata ikiwa original. Lithiamu huchakaa kwa umri na kwa joto, na joto la Dar halina huruma: betri iliyojazwa hadi mwisho ikaachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani inazeeka haraka. Pitisha kidole ubavuni. Ikiwa imevimba kidogo tu, iache. Inaweza kuingia kwenye kamera ikagoma kutoka.

Ukishanunua mpya, andika namba na tarehe kwenye kipande cha plasta juu yake, ichaji ijae, kisha iwashe kamera nyumbani kwa kurekodi video mfululizo mpaka izime, ukiangalia saa. Fanya hivyo hivyo na betri yako ya zamani. Video ikikatika yenyewe, anzisha tena na uendelee kuhesabu. Mpya ikizidiwa muda na ya zamani, irudishe dukani siku inayofuata na risiti mkononi, kabla haijapelekwa kwenye sherehe ya mtu.