Patisheni ya kuokolea au flashi?

Kompyuta yetu hapa Mwanga, Kigoma, ilikuja na patisheni (sehemu iliyotengwa) ya kurudishia Windows ndani ya diski yenyewe. Raha yake hununui wala huchomeki kitu, unawasha na kuchagua tu. Lakini diski ikianza kulia tik-tik, dawa na mgonjwa wanazikwa pamoja. Flashi ya kuokolea ya GB 16 inakaa kabatini, mbali na umeme unaokatika-katika. Ila kuitengeneza kunafuta vyote vilivyomo, kwa hiyo hamisha kwanza picha za harusi. Mimi niko na flashi. Patisheni ya D nimeiachia mafaili: ukipiga Windows upya kwenye C, patisheni yake, hayaguswi, mradi usibofye kufuta D kwa haraka. Nilishaifuta hivyo, saa nane usiku.