Programu ya logi kwa mwanaridhaa wa Nyanda za Juu Kusini: ya kwanza, za kufuata, na ya kulipia

Orodha nyingi za programu za logi, yaani daftari la kompyuta ambalo mwanaridhaa wa redio humwandika kila aliyewasiliana naye hewani, zimeandikwa na mtu wa Ohio au Bavaria anayewinda nchi za mbali. Anasifu programu inayompigia kengele nchi mpya ikisikika hewani, inayomchorea ramani, inayomhesabia amebakiza ngapi kati ya nchi 340 za DXCC, orodha ya tuzo ya kuwasiliana na nchi nyingi. Sisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Sumbawanga ndio tunaowindwa. Ita CQ, wito wa wazi kwa yeyote anayesikia, kwa alama ya wito ya Tanzania inayoanza na 5H, jioni ambayo bendi ya mita 20 imefunguka kuelekea Ulaya, utaona mwenyewe: wanakuja kwa mkupuo, Waitaliano juu ya Wapolandi, na kila mmoja anataka jina lake liandikwe sawasawa.

Kwa hiyo vigezo vyangu ni tofauti na vya hao wawindaji. Programu iandike haraka watu wanapokuita kwa msongamano. Ifanye kazi bila intaneti. Isipoteze kitu umeme ukikatika. Kisha ikurahisishie kuwathibitishia waliokupata, maana wengi wao hawana shida na salamu zako. Wanasubiri uthibitisho wako uonekane kwenye LoTW, ile huduma ya mtandaoni ya kuthibitisha mawasiliano ya ARRL, chama cha wanaridhaa wa redio wa Marekani, iliyoanza mwaka 2003. Sura nzuri na rangi za vitufe nimezipa alama chache sana.

Jambo la bei nalimaliza mapema. Karibu programu zote zilizo bora ni za bure. Gharama yako halisi itakuwa kompyuta, kebo ya kuunganisha redio, na betri. Mtu akikuambia uanze kwa kununua programu ya zaidi ya shilingi laki mbili wakati kompyuta yako inazima ukichomoa chaja, amekupotosha.

Kompyuta na saa kwanza

Kompyuta mpakato za mtumba zinazopatikana Mwanjelwa, Mbeya, au mjini Iringa zinatosha kabisa kwa kazi hii. Kuandika logi si kuhariri video. RAM ya GB 4 na diski ya SSD zinatembea vizuri. Cha kukagua dukani ni betri: mwambie muuzaji achomoe chaja, muwashe, mkae mnapiga soga. Kagua pia kama mashine inakubali Windows 11, kwa sababu Microsoft ilisitisha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba haziwezi kupanda. Ikishindwa, usiikatae, ishushe bei, kisha weka Linux. Jambo hili limechangia sana nani awe wa kwanza kwenye orodha yangu.

Sasa saa. Logi ya redio huandikwa kwa saa za dunia, UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Juu ya hapo, kichwani tunahesabu saa zetu za Kiswahili. Saa mbili usiku ya mdomoni ni 20:00 kwenye simu na 17:00 kwenye logi. Mtu uliyempata saa nane usiku wa kuamkia Jumapili anaingia kwenye logi saa 23:00 ya Jumamosi, yaani hata tarehe inarudi nyuma. LoTW hulinganisha rekodi yako na ya mwenzako, na huzikubali endapo muda haujapishana zaidi ya dakika 30. Logi iliyoandikwa kwa saa za Afrika Mashariki itagoma yote, mstari kwa mstari, na yule Mjerumani atadhani hukumwandika. Programu zote ninazozitaja hapa hubadilisha saa zenyewe, mradi kompyuta imewekwa kwenye majira ya Afrika Mashariki na saa yake ni sahihi. Kompyuta ya zamani ambayo kibetri chake cha ndani kimekufa huamka na tarehe ya ajabu kila ikiwashwa bila mtandao. Badilisha kibetri hicho, ni cha bei ndogo. Kwa watumiaji wa FT8, namna ya kidijitali ambayo kompyuta hurusha ujumbe mfupi kwa zamu, hilo ni la lazima, kwa kuwa saa ikipishana zaidi ya sekunde mbili hivi, hausomi mtu na hausomwi.

Ya kwanza: QLog

QLog ni ya bure na ipo kwa Windows, Linux na Mac. Hiyo peke yake inatosha kuipandisha: leo una Windows, kesho mashine imekataa kupanda, unahamia Linux na programu ni ileile. Hifadhi yake ni faili moja la SQLite ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo huhitaji seva wala intaneti ili kuandika. Inazungumza na redio kupitia Hamlib, maktaba inayotambua redio nyingi mno, za sasa na za zamani. Ukigeuza masafa kwenye redio, bendi inabadilika kwenye logi bila mkono wako. Ina njia ya kupeleka rekodi LoTW na huduma nyingine za mtandaoni za wanaridhaa, yaani eQSL, Club Log na QRZ, kutoka humohumo.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba dirisha la kuandikia haliko mbali na kidole. Andika alama ya wito, ripoti ya usikivu, bonyeza, umemaliza. Udhaifu wake? Maelezo yake ni machache ukilinganisha na wakongwe, na mtu asiyezoea kompyuta atahangaika siku ya kwanza kwenye mipangilio ya redio. Kaa na mwenzako aliyekwishaifunga.

Ushauri mmoja unaohusu programu zote, ila hapa ndipo pa kuusema: ukiwa huna mtandao, zima utafutaji wa majina mtandaoni. Vinginevyo kila alama unayoandika programu inakwenda kubisha hodi QRZ, inangoja, na wewe unangoja nayo huku Waitaliano wakipiga kelele. Lipakue faili la nchi ukiwa mjini kwenye bando zuri. Hilo linatosha kukuambia alama fulani ni ya nchi gani.

Ya pili: Log4OM

Hii ni ya Windows tu, ya bure, na imetengenezwa Italia. Kwa mwenye mashine nzuri ya Windows 11 ningeweza kuiweka ya kwanza bila aibu. Ina karibu kila kitu: udhibiti wa redio, taarifa za nani yuko wapi hewani, tuzo, kupeleka uthibitisho pande zote. Inaweza kutengeneza nakala ya akiba unapoifunga, jambo ambalo mwenye kuishi na umeme wa mashaka atalishukuru.

Nimeishusha kwa sababu ya uzito. Madirisha mengi, vitufe vingi, na kwenye mashine ya mtumba unaisikia feni ikilalamika. Mambo mengi kati ya hayo ni ya mwindaji, na umekwishajua sisi ni nani.

Ya tatu, lakini ya kwanza siku ya mashindano: N1MM Logger+

Bure, Windows tu. Hii haikutengenezwa iwe daftari lako la maisha. Imetengenezwa kwa kasi. Kwenye CQ World Wide, ambayo kwa sauti hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba na kwa Morse wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba, unatoa ripoti na namba ya kanda. Tanzania iko kanda ya 37, basi kazi yako yote ni "tano tisa, thelathini na saba" hadi sauti ikauke. N1MM inakuonyesha papohapo kama mtu umeshamwandika kwenye bendi hiyo, na unaweza kufanya kila kitu kwa kibodi bila kugusa kipanya. Mashindano yakiisha inakutolea faili la Cabrillo la kuwapelekea waandaaji na faili la ADIF la kuingiza kwenye logi yako ya kudumu.

Nawashauri hata wasioshindana waifunge. Siku ambayo bendi imechanganyikiwa na wanaokuita hawahesabiki, ifungue kwenye hali yake ya DX, ya mawasiliano ya kawaida yasiyo ya mashindano, andika humo, kisha hamishia kwenye QLog usiku ukitulia.

Ya nne: PoLo, kwa simu

Jina lake kamili ni Ham2K Portable Logger. Ni ya bure, ipo kwa Android na iPhone, na inaandika bila mtandao. Ukipanda Kitulo na redio ndogo na antena ya waya, hutaki kompyuta kwenye ile baridi na ukungu. Simu mfukoni inatosha. Imebuniwa mahsusi kwa watu wanaorusha kutoka mbugani na milimani, kwa hiyo inaelewa kwamba leo uko hapa na kesho kule.

Hilo lina maana kubwa kwetu kuliko linavyoonekana. Wenzako wanakusanya pia miraba ya ramani ya Maidenhead, na huku kusini miraba inabadilika ndani ya safari fupi. Mbeya mjini ni KI61, shuka hadi Tukuyu uko KI60. Mafinga ni KI71, Iringa mjini KI72, Njombe KI70, Sumbawanga KI52. Mtu anayesafiri na redio kutoka Iringa hadi Tukuyu anaweza kuwagawia watu miraba minne, na akisahau kubadilisha eneo kwenye logi atawapa wote mmoja wa uongo. Kwenye simu, kagua eneo kabla ya kuita CQ ya kwanza.

Zinazofuata, kwa haraka

CQRLOG ni nzuri kwa wapenzi wa Linux, na miaka mingi ilikuwa jibu la kwanza huko. Ila huendesha hifadhidata ya MySQL au MariaDB nyuma yake, na umeme ukizimika ghafla ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika na cha kukuhitaji ujue kukitengeneza. Kama unajua, ipandishe mwenyewe.

DXLab ni mkusanyiko wa programu za bure za Windows, na kwa kufuatilia tuzo sijaona mfano wake. Kwa mwindaji hasa.

Wavelog hufunguliwa kwenye kivinjari, na logi yenyewe hukaa kwenye seva. Kwa mtu mmoja nyumbani siioni haja. Kwa kikundi cha chuo au shule chenye stesheni moja na waendeshaji wengi, iweke kwenye Raspberry Pi iliyounganishwa na mtandao wa ndani wa jengo, kila mtu aandike kwa simu yake hata kama bando limekwisha. Mashine hiyo inakula wati chache tu, sola ndogo inaibeba.

Na kaunta buku. Sitanii. Liwe mezani daima, limechorwa safu za tarehe, saa ya UTC, alama ya wito, bendi, namna ya kurusha na ripoti. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi ya Rungwe ikianza utachomoa antena na kuzima kila kitu kwa haraka, na yule wa mwisho uliyekuwa naye ataokolewa na kalamu.

Za kulipia: nani alipe?

Ham Radio Deluxe inauzwa takribani dola 100. Bei hiyo ina mwaka mmoja wa msaada na masasisho. Baada ya hapo programu inaendelea kufanya kazi, ila masasisho unayalipia upya. Unachonunua ni msaada wa watu wa kukujibu, na sehemu ya kudhibiti redio iliyopangwa kwa ustadi. Tatizo ni kwamba hesabu hiyohiyo inakaribia betri nzuri ya volti 12, na betri ndiyo itakayokufanya uwepo hewani.

N3FJP Amateur Contact Log ni jambo lingine. Bei yake ni ya chini zaidi, unalipa mara moja na masasisho ni ya daima. Ni nyepesi, inakubali mashine dhaifu ya Windows, na sura yake ni ya kizamani kwa namna inayomfaa mzee wetu aliyestaafu ambaye hataki kujifunza mambo kumi. Kama kuna programu moja ya kulipia ninayoweza kumwambia mtu wa huku ainunue, ni hii, na iwe baada ya kujaribu QLog ikamshinda. Utahitaji kadi ya benki au ya mtandaoni inayokubali malipo ya dola.

Kabla hujaamua

Jaribu kutoka kabla ya kuingia. Andika mawasiliano machache ya mfano, toa faili la ADIF, lifungue kwa programu nyingine. ADIF ni maandishi ya kawaida yanayosomeka na karibu kila programu ya logi, na ndiyo sababu huwezi kufungwa na uamuzi wa leo. Mawasiliano elfu moja kwenye faili hilo hayafiki ukubwa wa picha moja ya simu, basi jitumie kwa barua pepe kila mwisho wa wiki na lingine liweke kwenye flashi. Wanaotumia WSJT-X, programu ya FT8, wajue kwamba yenyewe huandika faili lake la wsjtx_log.adi, hata kama programu ya logi ilikuwa imefungwa. Siku ya matatizo, tafuta hapo kwanza.

Mwisho ni cheti cha LoTW, ambacho bila hicho hizi zote hazipeleki kitu huko. Unakiomba kwa programu ya bure ya TQSL, na kwa sisi wa nje ya Marekani unatuma nakala ya leseni yako ya redio uliyopewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, pamoja na hati nyingine ya utambulisho. Kupeleka rekodi hulipii. Ada ipo ukitaka kuzitumia kwa tuzo za ARRL. Cheti hudumu miaka 3, kisha unahuisha. Kikifika, hifadhi faili lake la .p12 nje ya kompyuta siku hiyohiyo, pamoja na nywila uliyoiwekea, kwa sababu kompyuta ikiibwa utairudisha logi kutoka kwenye flashi lakini kusaini hutaweza.